Uji wa Kioo

Burslem, Jumanne, manyunyu yasiyolowesha wala kukoma.
Mgonjwa wa saa nne ni Bwana Colclough.
Huandikwa hivyo, hutamkwa Kokli,
nami nilimwita vibaya miezi mitatu
asinisahihishe. Aliitika tu.

Miaka arobaini na moja kiwandani
akichovya vyombo kwenye maji ya kung'arisha:
kikombe, sahani, kikombe, birika,
hadi tanuri la mwisho la mtaa wao lilipozimwa
likabaki limesimama, tumbo nje,
kama chupa iliyosahauliwa mezani.

Meno yake hayakuoza. Ameyapiga mswaki mno.
Pale jino linapoagana na ufizi
pamechimbika mfereji mwembamba, wa manjano;
upepo wa Januari ukipita hapo, mzee hushika ukuta.

Daktari Anwen anamsogezea kichana cha rangi mdomoni.
Weupe wa aina kumi na sita, wala hakuna ulio mweupe:
upo wa maziwa, upo wa pembe, upo wa moshi.
"Tatu," nasema.
"Tatu na nusu," asema yeye, akijitazama kiooni,
na lile ni jicho la kazi. Ni tatu na nusu.

Kwetu Korogwe hapakuwa na namba.
Tiba ilikuwa moja, jina lake koleo.
Mama aling'olewa magego manne asubuhi moja
akarudi kwa miguu, leso mdomoni.
Jino la pembe si dawa ya pengo, alipenda kusema.
Sijui angesemaje juu ya hiki,
kisicho pembe, kisicho jino,
na pengo lenyewe bado halijafika.

Kwanza asidi, buluu kama wino wa shule.
Suuza. Kausha, lakini si sana. Gundi, tone moja.
Kisha sindano butu, na ndani yake uji:
utomvu, na kioo kilichosagwa laini kushinda unga wa muhogo.
Upo ule mzito, wa kufinyanga kama ugali,
huo ni wa magego, wabeba mizigo.
Huu ni mwepesi. Humiminika,
hujipenyeza pembeni ambako chombo hakifiki.
"Huo ni udongo wa maji," asema Colclough, anautambua.
"Sisi tulimimina hivyo hivyo, kwenye kalibu."

Mdomo wazi tena, pamba shavuni, anasema kitu.
"Hehwa."
Twasubiri. Namtoa bomba la mate.
"Hewa! Angalieni hewa. Kipovu kimoja tu
na sahani yako inapasuka tanurini, na ya jirani yake."
Daktari anacheka, anainama,
hacheki tena.
Kipo. Kidogo kuliko punje ya ulezi.
Anakitoboa kwa ncha ya chuma, uji unajifunga wenyewe.

Zamu yangu. Naweka kinga ya rangi ya chungwa,
naleta taa.
Sekunde ishirini za buluu, nazihesabu kwa Kiswahili;
namba ndizo za mwisho kuhama.
Ishirini, na uji ni jiwe.
"Yetu ilichukua siku mbili, usiku na mchana,"
anung'unika, kama anayedai chenji.

Anatafuta mshono kwa ulimi. Haupo.
Watu wa mji huu hawanywi chai ya mtu
kabla hawajainua kikombe
kusoma kitakoni nani alikitengeneza.
"Sasa muhuri uko wapi?" aniuliza.

Namgeuzia kompyuta.
Juu kushoto, jino la nne. Tatu na nusu.
Namba ya kundi la dawa, herufi za Anwen,
na zangu, mshika taa.
Anasoma polepole, kidole hewani.
"S ni ya nini?"
"Shemweta."
Analijaribu. Analivunja mahali pawili.

Naitika.